Nyumba Tusiyoijenga

Nani mwenye nyumba: aliyeijenga, au aliyeikuta imebomoka akaitengeneza na kulea watoto ndani yake? Mahali pengine swali hili lingekuwa la wanasheria tu. Kwetu Kibondo na Kasulu ni swali la Jumapili. Linaletwa kwa wachungaji na wazee wa usharika baada ya ibada. Linaingia katika maombi ya familia, na mara nyingine linawatenganisha waumini wawili ambao wote wanaikaribia Meza ya Bwana. Tumeona vema kuliandikia kwa sababu imani yetu ina neno la kusema juu yake, na neno hilo haliishii pale neno la mahakama linapoishia.

Nyanda zetu ni nchi ya watu wanaoondoka na watu wanaofika. Wakati wa utawala wa Mwingereza vijana wa Kiha walisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwaandikisha, kilichojulikana kama SILABU. Wengine walirudi na mablanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja kwenye migomba yake, zikakusanywa katika vijiji. Mji wa babu ukabaki nyuma, na mara nyingi mtu mwingine akaja kulima pale.

Kisha kuna wale waliovuka mpaka kuja kwetu. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta watu wengi Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa mkono wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilifanya kazi pamoja na Serikali na Umoja wa Mataifa. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, wimbi jingine likaja, na majina ya Mtendeli, Kanembwa, Nduta, Mtabila na Muyovosi yakajulikana mbali kuliko wilaya zenyewe. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita upande wa pili wa ziwa. Mwaka 2015 ghasia zilirudi Burundi. Maelfu walikusanyika ufukweni Kagunga, na meli ya MV Liemba ikawapeleka Kigoma mjini ili wafikishwe Nyarugusu. Oktoba mwaka huohuo Nduta ikafunguliwa upya.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Kila aliyehama aliacha kitu nyuma yake: kuta, mlango, mti wa mparachichi, kaburi la mama. Na kila aliyefika alihitaji mahali pa kulala usiku ule ule. Kwa hiyo katika nchi kama yetu ni nadra mtu kuanza kujenga mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mtu. Wengi wetu tunaishi juu ya jasho la mtu mwingine, tunamjua au hatumjui.

Lugha zetu zinaujua ukweli huu. Kwa Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, neno inzu ni nyumba na pia ni ukoo. Neno umuryango ni mahali pa kuingilia na pia ni jamaa. Hata Waswahili wa pwani wanalo neno mlango kwa maana ya tawi la ukoo. Anayekaa katika nyumba ya mtu mwingine amekaa, kwa namna fulani, ndani ya jamaa ya mtu mwingine. Ndiyo maana ugomvi wa nyumba huwa mkali kuliko ugomvi wa fedha. Mtu aliyenyang'anywa nyumba huona kwamba ameambiwa hakuwahi kuwapo.

Tuchukue mfano, si wa familia fulani, bali wa namna tunayoisikia mara kwa mara. Baba alikimbia kutoka kusini mwa Burundi akiwa kijana. Alioa huku, akazaa huku, akazeeka huku. Watoto wake wanaijua njia ya kwenda sokoni Kasulu kuliko wanavyokijua kilima cha babu yao. Siku moja wanaambiwa kwamba wanarudi nyumbani. Kwa baba ni kurudi, lakini kwa watoto ni kuhamia nchi ya nje. Wanafika na mizigo yao, magodoro na sufuria, na kukuta nyumba ya zamani haikuanguka. Mtu mwingine aliiezeka kwa mabati, akaziba nyufa, akaongeza chumba upande wa mgombani, akachimba choo kipya. Ana wake na watoto wake ndani. Amekaa miaka ishirini au thelathini. Naye hakumfukuza mtu. Alipewa na viongozi, au alinunua kwa mtu aliyeonyesha kwamba ni pake.

Hapa kuna haki mbili, na ni lazima tuwe waaminifu kwa zote mbili kabla hatujasema neno la imani.

Haki ya kwanza ni ya aliyejenga. Yeye hakuuza. Hakutoa zawadi. Aliondoka kwa sababu kukaa kulikuwa ni kufa. Kukimbia kifo si kuacha mali, kama vile mtu anayetoka ndani mbio nyumba inapoungua hajasema kwamba haitaki tena. Kama tutasema kwamba kuondoka kwake kumefuta umiliki wake, tutakuwa tumempa zawadi aliyemfukuza, kwa kuwa mwenye nguvu atajifunza kwamba njia ya kupata nyumba ni kumtisha mwenyewe na kusubiri.

Haki ya pili ni ya aliyetengeneza. Nyumba ya matofali mabichi isiyokaliwa haimalizi misimu mingi ya mvua. Maji yakipata njia juu ya ukuta, ukuta huyeyuka kuanzia juu, na mchwa hula kenchi kutoka ndani. Bila mtu huyu kusingekuwa na nyumba ya kudaiwa. Mhenga alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, naye ndiye aliyeziba. Jasho lake ni la kweli, na watoto wake waliozaliwa mle hawana kilima kingine. Tukimwambia atoke kesho, tumetengeneza mkimbizi mpya ili kumaliza taabu ya yule wa zamani.

Sheria zimejaribu. Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka kanuni kwamba wakimbizi wanaorudi wapate tena mali zao, hasa ardhi, na isipowezekana wafidiwe. Lakini sheria ya ardhi ya Burundi ilikuwa imempa umiliki mtu aliyekaa mahali miaka 30 bila kupingwa. Hesabu yenyewe inauma: aliyekimbia mwaka 1972 na kurudi mwaka 2002, wakati safari za kurejea zilipoanza kupangwa, alikuwa ametimiza miaka 30 kamili nje. Angepingaje mtu akiwa Katumba au Kibondo? Mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine. Katika miaka yake ya kwanza tume hiyo ilihimiza watu wagawane, na baadaye ikaegemea zaidi kumrudishia mwenye asili. Rumonge na Nyanza-Lac, kwenye michikichi ya kandokando ya Ziwa Tanganyika, njia zote mbili ziliacha watu wenye uchungu.

Nasi upande huu tusijione watazamaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Maana yake ni kwamba aliyepewa mji wa mtu mwingine wakati wa vijiji amebaki nao kihalali. Na kwa sheria yetu ya ukomo wa muda, anayedai ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri. Hatuzilaumu sheria hizi. Taifa haliwezi kuishi likiwa na kila mpaka wa shamba wazi kwa madai ya vizazi vyote. Sheria ina kazi ya kuumaliza ugomvi. Lakini kuumaliza ugomvi si sawa na kumaliza deni, na mtu anaweza kutoka mahakamani na karatasi mkononi huku dhamiri yake ingali mlangoni inabisha hodi.

Sasa tulisikie Neno. Wengi wakisikia habari ya nyumba tusizozijenga hukumbuka sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati. Israeli wanaambiwa kwamba wataingizwa katika miji wasiyoijenga, nyumba zilizojaa vitu wasivyovijaza, visima wasivyovichimba na mizabibu wasiyoipanda. Kuna watu wanaolishika andiko hilo kama hati ya kiwanja. Wanasema Mungu amewapa. Lazima tuwaambie kwa upole kwamba wamesoma nusu. Andiko lile halikutolewa ili kumpa mtu haki juu ya jirani yake. Limetolewa kama onyo: ukishakula na kushiba, angalia usije ukamsahau Bwana. Hatari ya nyumba ambayo hukuijenga ni kusahau. Unaanza kusema dirisha langu, kisima changu, na baada ya miaka michache unaamini kwamba ulikuwapo tangu mwanzo.

Tena Torati ile ile, katika Walawi 25, inasema kwamba ardhi ni ya Mungu, na Israeli ni wageni na wapitaji mbele zake. Walioambiwa hivyo ndio waliopewa. Na waliposahau, wao wenyewe walichukuliwa Babeli na nyumba zao zikakaliwa na wengine. Ndiyo maana hakuna Mkristo awezaye kusimama mlangoni na kusema: mimi ni Israeli, jirani yangu ni Mkanaani. Katika Kristo ukuta ule umebomolewa, kama Paulo anavyowafundisha Waefeso. Jirani aliyerudi kutoka Nduta ni mwenye nyumba pamoja nasi katika nyumba ya Mungu, hata kabla hatujajua tumfanyeje kuhusu ile ya matofali.

Andiko linalotugusa kwa karibu zaidi halisomwi sana. Liko 2 Wafalme 8. Mwanamke Mshunami, yule ambaye Elisha alimfufulia mwanawe, aliambiwa na nabii aondoke kwa sababu njaa ya miaka saba ilikuwa inakuja. Alikwenda na jamaa yake wakakaa ugenini katika nchi ya Wafilisti. Miaka saba ilipokwisha alirudi, akaenda kumlilia mfalme kwa ajili ya nyumba yake na shamba lake. Siku hiyo hiyo Gehazi alikuwa akimsimulia mfalme habari zake. Mfalme akamteua afisa mmoja, akaagiza arudishiwe vyote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku alipoondoka.

Tuyaangalie mambo matatu katika habari hii. La kwanza, kukaa kwake ugenini, tena katika nchi ya adui, hakukumpunguzia haki. Mungu ndiye aliyemwambia aondoke, na kutii sauti ya kuokoa maisha si kosa. La pili, alihitaji shahidi. Bila mtu wa kusimulia kwamba huyu ndiye, kilio chake kingekuwa kilio cha mwanamke mmoja tu asiyejulikana. Wazee wanaojua nani alikaa wapi wana utumishi mtakatifu, na mzee anayenyamaza kwa kuogopa au kwa kupewa kitu anamnyima mjane afisa wake. La tatu, habari hii haisemi ni nani aliyekuwa akikaa katika nyumba ile. Kama ni mkubwa aliyejitwalia, amri ya mfalme inaeleweka. Kama ni maskini mwingine aliyekimbia njaa, hatujaambiwa alikwenda wapi.

Ukimya huo unatulazimisha kutofautisha, kwa sababu wote wanaokaa katika nyumba wasizozijenga si wa aina moja. Yuko aliyefukuza, au aliyefaidika akijua. Kwa huyo Biblia haina maneno mengi. Ahabu alilipata shamba la Nabothi kwa barua, mihuri na mashahidi, kila kitu kikionekana halali, na Eliya akamkuta mle mle shambani. Matengenezo hayawezi kumsafisha mtu wa namna hii. Hata akiweka vigae na madirisha ya alumini, anapamba alichoiba. Njia yake ni ya Zakayo, kurudisha na kuzidisha, na Zakayo alisema hivyo mgeni wake akiwa bado ndani.

Yuko wa pili, aliyetunza. Ni ndugu, jirani au rafiki aliyeachiwa ufunguo, au aliyeingia ili nyumba isianguke, akijua ni ya nani. Huyu ni wakili, na linalotakiwa kwa wakili ni uaminifu. Jaribu lake linakuja polepole. Mwaka wa kwanza anasema nyumba ya kaka. Mwaka wa kumi anasema nyumba hii. Mwaka wa ishirini watoto wake wanasema nyumba ya baba. Hakuna siku aliyoiba, lakini nyumba imehama. Na jaribu hili si la mpakani peke yake. Liko kwa vijana wetu walioko Dar es Salaam na nje ya nchi, wanaotuma fedha za kukarabati nyumba ya wazazi. Anayetuma fedha huanza kuhesabu kwamba ameinunua. Aliyebaki na mama na kumuuguza anahesabu kwamba ameilinda. Wote wawili wanasema kweli, na mazishi yakishapita wanafika kwa mchungaji hawaongei.

Wa tatu ni yule wa mfano wetu: aliyepewa au kununua kwa nia njema, akatengeneza kwa jasho lake, kisha mwenye asili akatokea. Hapa kuna watu wawili wasio na hatia na nyumba moja. Kumtafuta mwovu kati yao ni kupoteza njia, kwa kuwa mwovu mara nyingi hayupo barazani. Dhambi iliyowaleta hapo ilifanywa na wengine, pengine kabla wao hawajazaliwa. Kinachobaki ni mzigo, na swali la Kikristo ni jinsi ya kuubeba bila kumtupia mmoja peke yake.

Hapa mafundisho tuliyojifunza Kipaimara yanafaa kuliko tulivyodhani tukiwa watoto. Makanisa mengine yanaweka kutamani kote katika amri moja ya kumi. Sisi Walutheri, kwa hesabu tuliyoirithi kutoka Kanisa la Magharibi, tunaipa nyumba ya jirani amri yake yenyewe, ya tisa. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther anafafanua kwamba amri hii haikatazi tu kunyang'anya. Inakataza kupata nyumba au urithi wa jirani kwa njia inayofanana na haki, kisha inatudai tumsaidie jirani abaki na kilicho chake. Luther aliwajua watu wenye hati. Alijua kwamba nyumba nyingi hupotea kwa muhuri kuliko kwa panga. Kwa hiyo swali la Mlutheri si "Je, nimeshinda kesi?" tu. Ni "Je, jirani yangu amebaki na kitu kwa sababu yangu?"

Na katika ufafanuzi wa mkate wa kila siku, katika Sala ya Bwana, Luther anahesabu humo nyumba na shamba, na pia majirani wema. Vyote viko katika ombi moja. Mtu anayejipatia nyumba kwa namna inayompotezea jirani amekula upande mmoja wa mkate na kuutupa mwingine. Kwetu jambo hili tunalielewa kwa mwili. Ukiugua usiku, au ukifiwa, nani atachimba kaburi? Nyumba yenye mabati mazuri isiyo na wa kuitikia yowe ni nyumba pungufu.

Luther mwenyewe aliishi katika nyumba ya zamani ambayo hakuijenga. Ilikuwa monasteri ya Waaugustino mjini Wittenberg, iliyoitwa Monasteri Nyeusi kwa sababu ya mavazi ya watawa. Alikuwa amekaa humo kama mtawa. Watawa walipoondoka kwa hiari yao, alibaki karibu peke yake katika jumba lililochakaa. Juni 1525 alimwoa Katharina von Bora, naye alikuwa mtawa aliyetoroka Nimbschen wakati wa Pasaka ya 1523. Ni Katharina aliyeigeuza monasteri kuwa nyumba ya familia. Alilima bustani, alifuga ng'ombe na nguruwe, alipika bia, alipokea wanafunzi wapangaji. Vyumba vya watawa vilijaa watoto wao sita, watoto yatima wa ndugu, wageni na watu waliokimbia shida kwao. Mwaka 1532 mtawala wa Saksonia, Johann, aliwapa nyumba ile rasmi.

Nyumba ya zamani iliyotwaliwa kwa njia safi inafananaje? Hapakuwa na mwenyeji aliyefukuzwa. Mtoaji alijulikana, akatoa wazi kwa maandishi. Na waliopewa hawakufunga mlango, bali waliujaza watu. Hata hivyo haikuwalinda na dunia. Luther alipofariki mwaka 1546, Katharina alipata taabu kutambuliwa haki zake, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikumwamini mjane kusimama mwenyewe. Vita vikaja mwaka huo huo, akakimbia. Aliporudi alikuta mashamba yake yameharibiwa, akaanza upya. Mwaka 1552 alikimbia tena, safari hii tauni, akafia Torgau. Mama wa nyumba ya mchungaji wa kwanza wa Kilutheri alikufa akiwa safarini, mbali na nyumba aliyoitengeneza. Wajane wetu wanaosukumwa na mashemeji watoke katika nyumba walizosaidia kuzifyatulia matofali wanaweza kumwita dada.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache ambayo usharika wowote unaweza kuyashika.

Tuulize kabla ya kutengeneza. Walawi 14 inaagiza kwamba nyumba yenye pigo ukutani ichunguzwe na kuhani kabla haijapigwa lipu upya, na vitu vitolewe nje kwanza. Tunaweza kuichukua kama hekima: kuna madoa ambayo chokaa haiyaondoi. Mtu anayetaka kununua au kukarabati nyumba ya zamani awaulize wazee na majirani ni ya nani, nani alikaa, aliondokaje. Aulize mchana, mbele za watu. Anayeogopa kuuliza mara nyingi anajua jibu.

Tuandike. Aliyeachiwa nyumba na aliyeiacha waandikiane, mashahidi wawepo, na kila gharama ya bati na saruji iwekwe kwenye daftari. Watu wengine wanaona kuandikiana ni kutoaminiana. Sisi tunaona ni kumlinda ndugu asiingie majaribuni miaka ishirini baadaye. Yeremia, alipolinunua shamba la Anathothi wakati mji umezingirwa, aliamuru hati itiwe katika chombo cha udongo ili idumu. Imani yake kwamba watu watarudi ilikuwa na karatasi.

Penye watu wawili wasio na hatia, tutafute kugawana mzigo kabla ya kutafuta mshindi. Mwenye asili atambuliwe kwanza, kwa maneno, hadharani: nyumba hii ni ya kwenu. Neno hilo halina gharama ya fedha, lakini mara nyingi ndilo aliloliletea madai yake. Kisha jasho la mtengenezaji lihesabiwe, apewe muda wa misimu, si wa siku, na fidia kadiri inavyowezekana, au shamba ligawanywe. Hatusemi kila mara watakubaliana. Wapo waliogawana na kuishi kwa chuki. Na pale ambapo mmoja ni mwenye nguvu na mwingine ni mjane, kuwaambia wapatane ni kumsaidia mwenye nguvu. Hapo tusimame na mjane mbele ya baraza la ardhi la kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba na wasiopungua watatu ni wanawake.

Mwisho, tuwaangalie watoto waliozaliwa Nyarugusu na Nduta wanaokwenda kwenye nchi waliyoisikia tu. Yeremia 29 iliwaambia waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia mema mji waliomo. Wazazi wao walifanya hivyo kwa udongo na maturubai waliyopewa. Watoto hawa watahitaji zaidi ya nyumba ya babu kurudishwa. Watahitaji mtu wa kuwaonyesha kisima, na mtu huyo pengine ni yule yule aliyekuwa akikaa mle. Ikiwa wameondoka kwetu na barua ya usharika, wakiwa wameombewa na kubarikiwa, na ikiwa tumewafundisha kudai kwa haki bila kumchukia aliyeziba ufa wa babu yao, tutakuwa tumeweka kitu katika mizigo yao.

Nyumba tunazokaa zitakaliwa na wengine baada yetu. Tuzitengeneze vizuri. Tuwaambie watoto wetu majina ya waliozijenga, na kama majina hayo yana watu walio hai, tuwatafute. Bwana aliyekosa mahali pa kulaza kichwa chake, naye ndiye atuandaliaye makao, atupe moyo wa kufungua mlango mwenyewe atakapobisha.